Mwandiko wa Mtoto na Mpaka wa Neno
Programu za tableti zinazomfundisha mtoto mwandiko nyumbani hushughulikia umbo la herufi mojamoja: kidole hufuata nukta, herufi ikakamilika. Mjini Lubumbashi, ambako Kiswahili huzungumzwa nyumbani na Kifaransa hutawala shuleni, hilo halitoshi. Ugumu mkubwa zaidi ni kujua neno linaishia wapi. Katika *Vocabulaire de ville de Elisabethville* (jina la mji huo hadi 1966), ambayo André Yav aliiandika mwaka 1965 na Johannes Fabian akaichapisha 1990, viambishi mara huungana na mzizi, mara hutengwa. Wala si ajabu, maana Kiswahili cha mji huo hakikuwa na kanuni ya kuandikwa. Baada ya zoezi la kioo, basi, mzazi ampe mtoto kalamu na karatasi, aandike *batakuja* kwa herufi zilizoungana, kisha ndipo aache nafasi.