Jiwe linaloua hita ya mashine ya kufulia
Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, hebu chungulia ndani ya birika la umeme. Ule ukoko mweupe ndio huohuo unaoivaa hita ya mashine yako ya kufulia, ila huko huuoni.

Maji magumu hubeba kalsiamu baikaboneti iliyoyeyuka. Yakipata moto, kaboni dioksidi hutoka, inabaki kalsiamu kaboneti, yaani kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa, na hujibandika kwenye chuma. Ukoko haupitishi joto vizuri. Hita hujichoma yenyewe badala ya kupasha maji, mpaka siku fundi anakwambia, "Hii imekufa."

Dawa yake ni asidi hafifu: endesha mashine tupu kwa maji ya moto na unga wa asidi ya sitriki. Lakini hapa nisikilize vizuri: usiichanganye kamwe na dawa ya madoa yenye klorini! Zikikutana hutoa gesi ya klorini, sumu kwa mapafu, na mabafu yetu mengi hata dirisha la maana hayana.

Wewe unayefua kwa maji baridi tu, huna haja ya haya yote. Acha tu mlango wa mashine wazi ukimaliza, ukauke, usinuke.