Zana za Mtandaoni Zinazofaa Hata Bando Likiisha

Mwalimu wa fizikia anapofika kwenye mada ya umeme huhitaji betri, nyaya, balbu na ammita za kutosha darasa zima. Shule nyingi hazina vifaa hivyo, au zinavyo vichache mno, na wanaovigusa ni wanafunzi wa mbele tu huku wengine wakichungulia.

Hapo ndipo PhET inapofaa. Ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika kwenye skrini, unaotumika bila malipo. Ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Katika jaribio la sakiti, mwanafunzi huchukua betri, huiunganisha na balbu kwa waya, kisha hufunga swichi. Balbu huwaka, na elektroni, zilizochorwa kama vidoa vya buluu, huanza kutembea ndani ya waya. Akiongeza betri nyingine, vidoa huenda mbio na mwanga huzidi. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto huwaka kwenye skrini na hakuna anayeungua. Betri na nyaya halisi zina umuhimu wake, lakini haziwezi kumwonyesha mtoto kinachopita ndani ya waya.

Faida hiyo hupotea mwalimu akigeuza jaribio kuwa sinema. Ni bora aulize kwanza: “Nikichomoa balbu hii, ile nyingine itabaki inawaka?” Wanafunzi wabishane, waandike majibu, ndipo achomoe. Balbu zikiunganishwa kwa mfuatano, zote huzimika. Zikiunganishwa sambamba, iliyobaki huendelea kuwaka, na waliokosea hutaka kujua sababu.

Kwa hisabati ipo programu ya GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ukivuta kona ya pembetatu, vipimo vya pembe hubadilika papo hapo, ila jumla hubaki nyuzi 180.

Na mtandao ukikatika? Majaribio mengi ya PhET hupakuliwa, yakawekwa kwenye flashi na kufunguliwa baadaye bila intaneti. Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa mahususi kwa hali hiyo: kompyuta moja huhifadhi video, vitabu na mazoezi, na simu au vishikwambi vilivyo karibu huunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya hapohapo shuleni. Mwalimu huona nani amekwama kwenye zoezi lipi.

Madarasa ya chini nayo yana African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri, hata kutunga yake. Asiye na projekta anaweza kuchapa nakala chache, akagawa moja kwa kila kikundi.