Fahamu: Kitale hadi Bungoma kwa ndege ni dakika ngapi?

Tovuti za kukokotoa umbali zinasema ni kilomita 70 hivi angani. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kitale iko pungufu kidogo ya nusu digrii kaskazini mwa Bungoma na pungufu kidogo ya nusu digrii mashariki yake. Hapa karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111 upande wowote, kwa hiyo unapata kilomita 50 hivi kila upande, na mstari wa kukatiza ni 70.

Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayokwenda kilomita 300 kwa saa, ingemaliza safari kwa robo saa. Lakini dakika hizo hazihesabu kukaguliwa, kupakia mizigo, kuruka wala kutua. Tena Kitale ina kiwanja chake cha ndege, ila kile cha Kaunti ya Bungoma kiko Matulo, upande wa Webuye. Ukishuka hapo bado unatafuta matatu au boda.

Kwa barabara unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kisha Webuye. Gari likijaa mapema stejini, umefika kabla rubani hajawasha injini.