Gari la Fahari na Haki ya Mshirika

Waliosimama kando ya barabara kutazama Safari Rally wanalikumbuka gari la Porsche 911. Lilimaliza la pili mwaka 1974, na tena la pili mwaka 1978 mikononi mwa Vic Preston mdogo. Mimi nami nililitamani, kwa macho tu, maana bei yake si ya mtu wa kima changu. Siku hizi nikiliona hunijia moyoni mtu ambaye jina lake halikuandikwa juu ya gari lolote: Adolf Rosenberger.

Kampuni ilipofunguliwa mjini Stuttgart mwaka 1931, washirika walikuwa watatu. Mhandisi Ferdinand Porsche alishika asilimia 80 ya hisa, mkwewe wakili Anton Piëch 10, na Rosenberger 10. Porsche alijaaliwa akili ya mitambo, lakini hesabu hazikuwa fani yake. Rosenberger, aliyekuwa dereva wa mbio na mfanyabiashara, ndiye aliyetia fedha zake na kusimamia biashara. Naye alikuwa Myahudi.

Hitler akatwaa utawala Januari 1933. Mwaka 1935 hisa za Rosenberger zilipewa Ferry, mwana wa Porsche, kwa marki 3,000, yaani thamani ileile iliyoandikwa karatasini siku ya kwanza, hali kampuni ilikwisha pata kazi ya serikali ya kubuni gari la wananchi, Volkswagen. Mwaka huohuo Rosenberger akakamatwa, akatiwa katika kambi ya Kislau. Alipoachiliwa alihama, mwisho akafika Marekani, akajiita Alan Robert.

Wako wasemao kwamba zama zile kila mtu alilazimika. Hoja hiyo hainiingii. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba biashara ni maridhiano, twajua aliyenyimwa uwezo wa kukataa hakuridhia. Na Ferry hakuona haya kujiunga na SS. Baadaye alidai kuwa cheo kile kilikuwa cha heshima tu.

Wakati wa vita kiwanda cha Volkswagen, Porsche akiwa miongoni mwa wakuu wake, kilifanyiwa kazi na maelfu ya watu waliotumikishwa kwa nguvu, wakiwemo wafungwa wa kambi. Vita vilipokwisha Wafaransa walimfunga Porsche, wakamwachilia mwaka 1947. Mwaka uliofuata, huko Gmünd, Austria, likatoka gari la kwanza lenye jina la ukoo, aina ya 356.

Rosenberger alitaka arudishiwe fungu lake. Mwaka 1950 shauri likamalizwa kwa suluhu: marki 50,000 na gari moja. Hisa hakupata. Alifariki California mwaka 1967.

Kampuni ilipouza hisa zake katika soko la Frankfurt, Septemba 2022, ilithaminiwa kiasi cha euro bilioni 75.