Mwaka jana ilinitibu, mwaka huu imenivimbisha!

"Dada, mwaka jana nilimeza Septrini nikapona. Safari hii nimemeza kidonge kimoja tu, midomo ikavimba na mwili mzima ukawasha. Nyumbani wanasema nimerogwa. Ni kweli?"

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi mmoja huku Nkoma. Hapana mdogo wangu, hujarogwa. Hizo ni dalili za mzio, au aleji kama wengi tunavyosema.

MWILI UNAKOSEA VIPI?
Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa kijiji. Kazi yao ni kukamata wezi, lakini mara nyingine humshuku mgeni asiye na hatia. Siku ya kwanza wanamwacha apite, ila sura yake wanaikariri. Akirudi, yowe linapigwa!

Ndivyo ilivyo kwa dawa, sumu ya nyuki, karanga au samaki. Mara ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili kimyakimya. Kitu kile kikirudi, seli fulani humwaga kemikali iitwayo histamini. Ngozi inawasha, midomo inavimba, na njia ya hewa inaweza kubana. Kwa hiyo kusema "nilishawahi kuitumia" si kinga.

UTAJUAJE?
Daktari atakuuliza: ulitumia nini, na dalili zilianza baada ya muda gani? Hospitali kubwa zinaweza kupima damu, au kuchoma ngozi kidogo na kusubiri dakika 15 hadi 20 kuona kama patavimba. Usijipime mwenyewe kwa kumeza tena!

TIBA NI NINI?
Kwanza, acha kile kitu. Muwasho mdogo hutulizwa na dawa kama Piritoni. Lakini ukiona mtu anapumua kwa shida, sauti inakauka au anazirai, Piritoni haitoshi, na maziwa hayasaidii. Anahitaji sindano ya adrenalini haraka. Tafuteni bodaboda, gari, chochote, mumwahishe kituo cha afya.

Mzio mwingine huchelewa. Siku kadhaa au hata wiki baada ya dawa, unapata homa, malengelenge na vidonda mdomoni au machoni. Hiyo nayo ni hatari. Acha dawa, nenda hospitali.

JINA LA DAWA LIANDIKWE
Septrini ni jamii ya salfa, na SP pia ina salfa. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini kuanzia 2001, mpaka ALu ilipochukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. Hata leo wajawazito hupewa SP kujikinga na malaria. Kwa hiyo dada mwenye mzio wa salfa asiposema leo, anaweza kuipewa kesho kliniki.

Mwanafunzi yule nilimwomba aende kituo cha afya aeleze yaliyompata, na jina la dawa liandikwe kwenye daftari lake la matibabu. Na wewe je, lako limeandikwa?