Masikio yalivyomfunza Hans Zimmer utunzi

VIJANA wengi wanaotamani kutunga muziki wa filamu huvunjika moyo kwa kukosa masomo rasmi. Hans Zimmer, aliyezaliwa Ujerumani mwaka wa 1957, husema alifundishwa piano kwa wiki mbili tu. Masikio ndiyo yaliyokuwa mwalimu wake.

Akiwa mvulana alitazama Once Upon a Time in the West, filamu ya mwaka wa 1968, na muziki wa Ennio Morricone ukamfanya aamue kuwa mtunzi. Baadaye alipiga kinanda katika bendi za Uingereza.

Muziki wa The Lion King, ambamo alichanganya okestra na kwaya iliyopangwa na Lebo M wa Afrika Kusini, ulimpa tuzo ya Oscar mwaka wa 1995.

Anayeazimia kutunga hana budi kwanza kujifunza kusikiliza, hata muziki usio wa kwao.