Ujumbe wa Jeni Unavyokatwa na Kuungwa, na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Mama aliyeshuka kutoka Nyandira au Matombo hadi mjini Morogoro, akiambiwa kwamba kidonda kilichoonekana kwenye mlango wake wa kizazi ni saratani, huenda akauliza swali moja kabla ya mengine yote: "Daktari, kwetu ugonjwa huu haujapata kuwapo. Bibi hakuwa nao, mama hakuwa nao. Mimi nimeupata wapi?" Ni swali la haki, hasa kwa Waluguru, ambao ukoo wao, lukolo, huhesabiwa upande wa mama. Ikiwa jambo halimo katika ukoo, limeingiaje mwilini? Mhudumu hujibu kwamba ni kirusi, kisha huendelea kujaza fomu ya rufaa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno.

Tuanze na jeni. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kuunda protini. Protini haiundwi moja kwa moja kutoka kwenye jeni. Kwanza seli hunakili jeni na kupata ujumbe uitwao RNA. Nakala hiyo ya awali ni ndefu kupita kiasi. Ndani yake mna vipande vyenye maagizo, viitwavyo eksoni, na katikati yake vipande vya kuondolewa, viitwavyo introni. Seli huzikata introni na kuziunga eksoni, ndipo ujumbe hutoka katika kiini cha seli kwenda kusomwa. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1977 na makundi mawili ya watafiti, moja la Phillip Sharp na jingine la Richard Roberts, ambao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Yafaa kukumbuka kwamba hawakuliona kwanza katika seli ya binadamu, bali katika kirusi, adenovirusi, mojawapo ya virusi vya mafua.

Ukataji huo haufanyiki kwa namna moja tu. Mpe fundi cherehani kitambaa kilekile mara mbili: mara ya kwanza atakushonea gauni lenye mikono, mara ya pili ataiacha mikono na kupata vazi jingine. Vivyo hivyo seli yaweza kuiacha eksoni fulani au kuirefusha, ikapata protini mbili zenye kazi tofauti kutoka katika jeni moja. Zaidi ya asilimia 90 ya jeni za binadamu zenye eksoni nyingi hukatwa kwa namna zaidi ya moja. Wakati mwingine protini hizo mbili hupingana kabisa. Jeni iitwayo BCL-X ikikatwa namna moja hutoa protini ndefu inayoizuia seli isife; ikikatwa namna nyingine hutoa protini fupi inayoihimiza seli kufa. Katika saratani nyingi ule ujumbe mrefu ndio unaozidi. Mwandiko wa jeni haujaguswa hata herufi moja; kilichobadilika ni mkono wa mkataji.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kirusi cha papiloma cha binadamu, kijulikanacho kama HPV, kina aina nyingi, na aina mbili, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Aina ya 16 ina herufi za vinasaba zipatazo 7,900 tu. Kiumbe kidogo namna hii hakina nafasi ya kubeba mkasi wake chenyewe. Huazima mkasi wa seli, na ndipo hila yake ilipo.

Jeni zake mbili, E6 na E7, zimo katika ujumbe mmoja. Ndani ya E6 mna kipande ambacho seli yaweza kukikata au kukiacha. Kikiachwa, hupatikana protini kamili ya E6, ambayo huikamata protini yetu iitwayo p53 na kuifanya ivunjwe. Hiyo p53 ni mlinzi wa seli: huisimamisha seli iliyoharibika, au huiamuru ife. Kipande kikikatwa, ujumbe husomeka vizuri zaidi kwa ajili ya kuunda E7, na E7 huilemaza protini ya Rb, ambayo ndiyo breki ya kugawanyika kwa seli. Kirusi kinahitaji yote mawili. E7 peke yake ingeisukuma seli igawanyike, lakini p53 ingegundua fujo hiyo na kuiua seli. Ndiyo maana baadhi ya jumbe hukatwa na nyingine huachwa nzima. Aina ya 6 na ya 11, ambazo huleta masundosundo ya sehemu za siri lakini si saratani hii, hazina mkato huo ndani ya E6. Si tofauti pekee iliyopo, ila ni mojawapo ya zile zenye uzito.

Kwa hiyo mama aambiwe hivi: hukurithi ugonjwa huu, wala hukulogwa. Maambukizi ya HPV huwapata watu wengi sana walio katika ndoa au uhusiano, na mengi huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari iko kwa yale yanayokawia. Kutoka maambukizi hayo hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 10 hadi 20, na kwa mwenye VVU muda huo huweza kufupika. Hatari yake ni takriban mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Muda huo mrefu ndio fursa yetu. Kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi huonyesha mabaka meupe kabla hayajawa saratani, na matibabu yaweza kufanyika siku hiyohiyo. Anayetoka milimani alfajiri hapaswi kuambiwa arudi wiki ijayo ikiwa kifaa kipo.

Kuhusu chanjo, uvumi kwamba huharibu uzazi wapaswa kujibiwa kwa maelezo, si kwa kukaripia. Chanjo imetengenezwa kwa protini ya ganda la nje la kirusi peke yake. Haina E6 wala E7, wala kinasaba chochote cha kirusi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ni miongoni mwa ushahidi ulioonyesha kwamba dozi moja huamsha kinga ya kutosha. Chanjo hii haitibu seli iliyokwisha kuambukizwa, hivyo mama aliyechanjwa ukubwani bado anahitaji uchunguzi.

Wanaume nao wana sehemu katika habari hii. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na mgonjwa aliyepunguziwa homoni hiyo kwa sindano au upasuaji hupata nafuu, kisha baada ya muda ugonjwa hurudi. Mojawapo ya sababu ni mkato: seli huukata mapema ujumbe wa kipokezi cha homoni, ikapata kipokezi kifupi, AR-V7, kisicho na mahali pa kushika homoni lakini kinachofanya kazi wakati wote bila kuisubiri. Mzee wa namna hiyo akirudi kliniki na maumivu ya mifupa, asiulizwe kwa ukali ni siku ngapi ameruka sindano. Huenda hajaruka hata moja.